Kuta Kwanza

Mimi kazi yangu ni stoo. Miaka kumi na tisa nimekaa Gerezani kwenye duka la spea za magari, na tajiri wangu akitaka beringi ya gari lililoacha kutengenezwa tangu nasoma shule ya msingi, simwambii ngoja. Nanyoosha mkono. Kila kitu kina shelfu yake na namba yake, na aliyeweka kitu pasipo pake sauti yangu ataisikia mpaka barabarani. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba yaliyotokea hayakutokea kwa uzembe. Wazembe nawajua, nafanya nao kazi. Mimi nilipanga.

Baba yetu, Mzee Khalfani, alifariki Jumatatu tarehe saba Aprili, wiki moja kamili baada ya Idd, ndani ya nyumba yake Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Kabla hata ya arobaini kaka zangu wawili walioko Muscat walishakubaliana kwa simu kwamba nyumba iuzwe. Sikubishana nao sana. Ilikuwa nyumba ya chini iliyobaki peke yake, kulia ghorofa, kushoto ghorofa, na uani jua lilikuwa halifiki tena. Aliyeinunua, muuza vitenge wa mtaa wa pili, hakuwa mtu mbaya. Alikuja na mkewe kutoa pole, akakaa mkekani, akasema, "Bi Zamda, mama hatutamsumbua. Akitoka eda ndiyo mtoke. Mimi nitajie siku tu, nijue katapila liingie lini."

Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajifukizi, havuki kizingiti, mpaka siku zitimie na mwanamke mwenzake aje amwogeshe na kumtoa. Wapo waliomwambia mama kwamba mchana, kwa dharura, mjane anaruhusiwa kutoka. Mama yangu, Bi Sabaha, miaka sabini na minne, aliwajibu kwamba amekaa na Khalfani miaka hamsini na mbili na hawezi kumpunja siku.

Kwa hiyo mwenye nyumba mpya alipotaka siku, nilishika simu hapo hapo mbele yake, nikahesabu. Aprili saba mpaka Agosti saba, miezi minne. Ongeza kumi. Agosti kumi na saba. Nikafungua kuona inaangukia lini, nikakuta Jumapili, na kwa kweli nilifurahi, maana Jumapili ndiyo siku pekee gari linaweza kufika mlangoni Kariakoo bila kugombana na mikokoteni. Nikamwambia, "Jumapili tarehe kumi na saba tunatoka. Jumatatu lete katapila lako." Akaandika kwenye simu yake, nami nikaandika kwenye yangu.

Nyumba tuliyopata ilikuwa Kigamboni, Kibada, vyumba vitatu na ua wa kuanikia nguo. Mama hakuuliza ina maji au haina. Aliuliza jambo moja tu: chumba chake kitaingia vitanda viwili?

Kitanda cha pili kilikuwa cha mdogo wake. Mama yangu mdogo, Bi Mauza, alikuwa anaishi Upanga, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, na Angela, binti kutoka Masasi aliyekuwa akimtunza. Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba, ngazi haziwezi, na lifti ya jengo lile ilikufa zamani ikageuzwa pa kuwekea ndoo za usafi. Kutoka kwetu mpaka kwake ni dakika kumi kwa bajaji, ishirini kukiwa na foleni. Mara ya mwisho walionana kabla ya Ramadhani. Halafu baba akazidiwa, mama akawa haondoki pembeni yake, halafu baba akafa, mama akaingia eda. Kila siku baada ya alasiri walikuwa wakipigiana simu. Nilijaribu kuwawekea video, lakini mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. "Naona kitambaa cheupe tu," alikuwa akisema. "Mauza, ni wewe hiyo, au ni pazia?" Na Bi Mauza upande wa pili anacheka mpaka anakosa pumzi, Angela anamwondolea simu.

Ahadi ilikuwa hiyo basi. Mama akitoka eda, siku hiyo hiyo tunapita Upanga, tunamteremsha mdogo wake, wanavuka pamoja, na walale chumba kimoja kama walivyolala utotoni. Mama alikuwa akiisema ahadi hiyo kwa kila aliyekuja kumtazama. Nilimsikia siku moja akiisema peke yake, anakunja kanga.

Mwezi wa saba Bi Mauza aliniomba. Nilikuwa nimempelekea dawa, akanishika mkono, akasema, "Zamda, niteremsheni hata kwa kiti nikamwone dada. Nikae saa moja tu, mnirudishe."

Nikamwambia, "Ma'mdogo, ghorofa tatu kushuka, halafu tatu tena kupanda. Na gari pale Narung'ombe mchana haliingii, utabebwa mtaani watu wanakutazama. Vumilia kidogo. Tutakushusha mara moja tu, siku ya kuhama."

"Mara moja," akasema.

"Mara moja. Nimeshaiandika."

Na kweli niliiandika. Ratiba yangu niliibandika kwenye mlango wa friji, kurasa tatu. Wiki mbili kabla: kuta. Halafu vyombo visivyotumika, halafu nguo za marehemu, halafu stoo ya uani, na jiko liwe la mwisho. Kila boksi lilikuwa na herufi ya chumba na namba, na daftari lilisema ndani ya namba hiyo mna nini. Jumapili yenyewe ilipangwa kwa saa. Saa mbili Bi Badria anamtoa mama eda. Saa tatu gari linapakia. Saa nne Upanga: mgonjwa, abebwe kwa kiti, watu wanne. Saa saba pantoni. Tajiri wangu alipoiona picha yake kwenye simu alisema hata mzigo wa kwenda Lubumbashi haupangwi hivyo. Nilijisikia vizuri, siwezi kukataa.

Jumamosi tarehe mbili Agosti nikaanza kuta. Nilitoa saa, picha ya baba akiwa kijana, aya ya Kurani yenye fremu, kisha nikaingia chumbani kwa mama nikang'oa kalenda ya msikiti iliyokuwa juu ya kitanda. Ilikuwa bado inaonyesha Aprili. Tangu wiki ya msiba hakuna aliyeifunua.

Mama alikuwa amekaa kwenye mswala. Macho hayaoni lakini masikio hayajambo. "Unatoa nini hapo?"

"Kalenda."

"Hiyo iache. Badria ameniwekea alama yangu."

Bi Badria ni shoga yake tangu ujana, mpakaji hina maarufu Kariakoo nzima, na ndiye aliyemwingiza eda siku tuliyomzika baba. Wiki hiyo hiyo alikwenda Tanga kwa binti yake aliyekuwa anakaribia kujifungua, na mjukuu alipozaliwa njiti, akabaki huko.

"Mama, siku zako ninazo mimi," nikasema. "Ziko kwenye friji. Jumapili tarehe kumi na saba."

"Jumapili? Mimi nilidhani inaangukia katikati ya wiki. Badria alinitajia, nimesahau alisema vipi."

"Nimehesabu kwa simu mara tatu."

Nililisema kwa ile sauti yangu ya stoo. Siku hiyo nilikuwa nimebeba maboksi tangu alfajiri, kiuno kinaniuma, na mama alikuwa ameshanirudisha nyuma mara mbili kwa kutaka kitu nilichokwisha kukifunga. Akasema, "Haya. Wewe ndiye unayejua hesabu," akarudi kwenye uradi wake. Mimi nikaichukua kalenda, karatasi nzuri, nene, nikaichana ukurasa mmoja mmoja na kufungia vikombe vya kahawa vya baba. Vikombe kumi na viwili, boksi herufi M, namba thelathini na moja. Niliandika kwenye daftari: vikombe, visivunjike.

Jumanne ya tarehe kumi na mbili simu ililia mapema kuliko kawaida, hata adhuhuri haijaadhiniwa. Nilikuwa jikoni nafunga masufuria. Mama aliweka sauti ya nje, nikamsikia Bi Mauza anahema.

"Dada, mbona hujaja?"

"Nije wapi, Mauza? Bado niko ndani."

"Leo si ndiyo…" Akakatika, akavuta pumzi. "Mimi nakungoja."

Nikaingia nikaichukua simu. "Shikamoo ma'mdogo."

"Marahaba, Zamda. Leo si ndiyo siku yake?"

"Hapana, ma'mdogo. Jumapili. Jumapili saa nne tuko hapo na gari, na watu wanne wa kukubeba. Wewe kula, unywe dawa, upate nguvu."

"Haya, mwanangu," akasema. "Jumapili si mbali."

Nilimrudishia mama simu yake, nikamwambia zile dawa mpya zinamchanganya. Mama alibaki ameishika simu mkononi mpaka ikazimika taa.

Alhamisi Angela alipiga saa moja asubuhi, na jinsi alivyoniita tu, "Dada Zamda," nikajua. Bi Mauza aliamka kuswali alfajiri, akaomba maji, hakuyamaliza.

Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, katikati ya maboksi. Nilipomwambia hakupiga kelele. Alianza kupapasa godoro kwa mikono miwili, huku na huku, kama mtu anayetafuta miwani. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, maziko ni baada ya adhuhuri. Wanamwosha sasa hivi. Nikuitie bajaji, ukamwone uso. Mungu anajua. Hakuna atakayekusema."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Tatu."

"Umehesabu vizuri?"

"Tatu, mama."

Akalia sasa, kimya kimya, machozi yanaingia mdomoni. "Miezi yote hii nimemkalia Khalfani," akasema, "leo nikaivunje kwa siku tatu? Nitamwambia nini nikikutana naye?" Kisha akanishika kichwa. "Lakini Mauza. Mauza naye nitamwambia nini?"

Nilingoja, na kama angesema neno moja tu ningembeba mgongoni. Mwishowe akafuta uso kwa upande wa kanga. "Nenda wewe. Mwambie tatu tu zilibaki. Mnong'oneze, atasikia."

Nilikwenda. Nilimnong'oneza. Alikuwa ameshafungwa sanda, wamemwacha uso kwa ajili yetu, na uso wenyewe ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Nilimwambia dada yako anakusalimu, zilibaki tatu. Wanawake walikuwa wamejaa mle ndani mpaka ngazini, wananiuliza Bi Sabaha yuko wapi, nawajibu yuko eda, wanatikisa kichwa kwa huruma. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Wanaume walipoondoka na jeneza, Angela alinivuta jikoni. Macho yalikuwa yamemvimba. "Dada, kuna kitu kinaniuma. Juzi Jumanne bibi alinisumbua kuanzia asubuhi. Nimuogeshe, nimsuke, nimvalishe lile gauni lake la Idd. Nimtandikie kiti mlangoni. Anasema dada yangu anatoka eda leo, ataingia hapa. Nikamwambia bibi, bado. Akakataa. Alikaa pale kwenye kiti mpaka magharibi."

Nilimwambia ni ugonjwa, wagonjwa huwa hivyo. Niliamini nilichokuwa nasema.

Jumapili saa mbili kasoro Bi Badria akaingia. Alifika kutoka Tanga jana yake jioni, baada ya kusikia msiba, na mfuko wake wa vifaa ulikuwa begani: chetezo, udi, kanga mpya iliyokunjwa. Mama alikuwa bafuni anangoja. Bi Badria hakwenda bafuni. Alinishika mkono, akanivutia ukumbini, nyuma ya maboksi.

"Shikamoo, Bi Badria."

"Marahaba. Zamda, hebu nielezee, maana sielewi. Nilivyosikia Mauza kafa Alhamisi, nikasema alhamdulillahi, angalau Sabaha alishatoka, walionana. Nashuka basi jana naambiwa hata maziko hakwenda. Mligombana nao?"

"Hatukugombana. Si alikuwa eda?"

"Eda gani?"

"Eda ya baba, Bi Badria. Anatoka leo. Si ndiyo umekuja kumtoa?"

"Mimi nilidhani mmechelewesha kuoga tu, mnaningoja mimi." Aliniangalia vile anavyomwangalia mtu aliyesogeza mkono hina haijakauka. Kisha akainua kiganja chake, akaanza kuhesabu kwenye pingili za vidole. "Khalfani kafa siku ya nane ya Mfungo Mosi, mwezi wa Idd. Mfungo Pili, nane. Mfungo Tatu, nane. Mfungo Nne, nane. Mfungo Tano, nane. Hiyo minne. Kumi juu yake, Mfungo Tano kumi na nane. Jumanne iliyopita. Mbona nilimwekea alama kwenye kalenda kwa mkono wangu? Wewe umehesabu nini?"

"Aprili," nikasema. "Mei. Juni."

"Yaa Rabbi."

"Agosti kumi na saba."

"Zamda. Mtoto uliyezaliwa ndani ya nyumba hii. Eda inahesabiwa kwa Agosti? Eda ni kwa mwezi mwandamo!"

Nilijua. Hilo ndilo linalonila mpaka leo, kwamba sikuwa sijui. Nafunga kwa mwezi mwandamo, Maulidi naisubiri kwa mwezi mwandamo, tangu mdogo nimesikia wajane wakihesabiwa hivyo. Na kila mtu anajua miezi ile ni mifupi, ndani ya minne kalenda ya ofisini inaachwa nyuma siku tano. Lakini siku ile nilikuwa nimeshika simu na mwenye nyumba anangoja nimtajie siku ya katapila, nami nikahesabu kama ninavyohesabu mzigo wa bandarini. Sikuwaza mara mbili. Niliona Jumapili, nikafurahi.

Jumanne. Bi Mauza na gauni lake la Idd. Nilikalia boksi lililokuwa nyuma yangu.

"Usimwambie," nikasema. "Bi Badria, nakuomba kwa haki ya mkate na chumvi, usimwambie."

Bafuni mama aliita, "Badria? Ni wewe umefika?"

"Mimi kusema uongo siwezi," Bi Badria akasema polepole. "Akiniuliza nitamwambia. Asiponiuliza, mzigo huu ni wako, beba mwenyewe." Akaokota chetezo chake, akaenda.

Nilisikia maji yakimwagika na dua yake. Nilingoja sauti ya mama inyanyuke. Haikunyanyuka. Alitoka baada ya nusu saa amevaa kanga mpya, ananukia udi, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili aliweka mguu nje ya mlango. Jua lilimpiga usoni, akafumba macho. Hakuuliza kitu.

Dereva wa Kenta, Athanas, jirani yetu kazini Gerezani, alikuwa ameshapakia nusu. Ni mtu mwaminifu, anafuata karatasi. Akanijia na simu yake mbele ya mama. "Dada Zamda, hapa umeandika saa nne Upanga, mgonjwa, abebwe kwa kiti. Kiti nimekuja nacho. Twende huko kwanza au?"

Hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye niliyepaswa kufuta mstari ule, na sikuufuta.

"Twende," mama akasema. "Kitanda chake kije. Nilimwahidi kitanda."

Ngazi za Upanga mama hakuziweza. Kwa hiyo wale watu wanne niliowakodi kumteremsha mdogo wake walimpandisha yeye, kwa kile kiti, ghorofa tatu, wanapumzika kila kona. Mlangoni Angela alimpigia magoti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ahsante kwa kumtunza."

Akapapasa ukuta mpaka chumbani, akapata kitanda, akakaa. Alichukua mto, akauweka usoni, akabaki hivyo. Vijana wa kubeba walirudi nyuma wenyewe mpaka ngazini.

"Alikungoja sana, bibi," Angela akasema, analia. "Ile Jumanne ali…"

"Angela!" nikapaza sauti. "Shika upande huo wa godoro."

Mama akageuza kichwa. "Mwache aseme."

Angela aliniangalia. Sijui aliona nini usoni kwangu. "Alikuwa anakutaja tu, bibi," akasema. "Siku zote."

Tulivuka pantoni, tukafika Kibada saa tisa. Sasa nieleze jambo ambalo kama lingekuwa la mtu mwingine ningelicheka. Ratiba yangu ilifuatwa yote. Kila boksi liliingia chumba chake. Hakuna sahani iliyopasuka, hakuna funguo iliyopotea, mpaka ndoano za pazia nilizikuta pale daftari lilipoziandika. Saa kumi na moja jioni nyumba ilikuwa imekaa sawa, na vitanda viwili vilikuwa vimetandikwa, dirisha katikati. Athanas aliniambia hajawahi kuona kuhama kwa namna ile. Nikamshukuru, nikaenda chooni, nikafungulia maji ya bomba ili wasinisikie.

Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, ameelekea kile kingine. Bi Badria alikuwa ameshapanda bodaboda kurudi feri, na Angela tulikubaliana aje asubuhi, kuishi nasi. Tulikuwa wawili tu.

"Tupate kahawa," mama akasema. "Kwenye vikombe vya baba yako."

Herufi M, namba thelathini na moja. Nililileta boksi chumbani, nikakaa chini, nikaanza kufungua. Kikombe cha kwanza kilikuwa ndani ya Novemba. Cha pili Februari. Cha tatu, nilipokunjua, kilikuwa ndani ya Agosti.

Tarehe zilikuwa nyeusi, kubwa, na chini ya kila moja tarehe ya mwezi mwandamo, ndogo, nyekundu. Jumanne kumi na mbili, chini yake kumi na nane nyekundu, na kuizunguka zote mbili, duara nene la hina, lililokauka likawa kahawia. Kulikuwa na alama ya kidole cha Bi Badria pembeni. Ilikuwa juu ya kichwa cha mama miezi minne, nami niliing'oa kwa mkono wangu.

"Karatasi gani hiyo?" mama akauliza. Nilikuwa nimeacha kuikunjua, na alisikia.

"Kalenda yako. Nilifungia vikombe."

"Agosti imo?"

"Imo."

"Alama ya Badria unaiona?"

"Naiona."

"Iko tarehe ngapi, Zamda?"

Aliuliza taratibu tu, mikono yake iko mapajani, kucha bado nyeupe. Nilitazama kitanda cha pili, shuka nilizozinyoosha mwenyewe, mto aliokuwa ameushika Upanga.

"Kumi na saba, mama. Jumapili. Leo."

Akanyoosha mkono, nikampa. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, kisha la kushoto, akaiinamisha dirishani. Hakuona. Akaiteremsha, na mabega yake yakashuka.

"Basi ulihesabu sawa," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Tangu Alhamisi nimekaa nakushuku. Nasema moyoni, huyu kakosea, ningeweza kwenda. Shetani tu. Nisamehe."

"Usiniombe msamaha, mama."

"Nakuomba. Umehangaika na mimi, halafu nakuwazia mabaya." Alikuwa analia na kutabasamu, usoni amepata amani ambayo sikuwa nimeiona tangu baba alale. Aliikunja karatasi mara nne, akainuka, akapapasa mpaka kitanda cha pili, akaiweka chini ya mto wa mdogo wake na kuulaza vizuri.

"Ikae hapa, isipotee," akasema. "Kesho Angela akija atanisomea, anihesabie arobaini ya Mauza. Wewe umechoka, pumzika."

Nikamwambia sawa. Nikafungua kikombe cha nne.